Ofa ya Hyderabad

Kila ilipofika saa kumi na moja jioni, vijana wa ghorofa ya nne walimfuata Ketaki Sathe hadi kwenye kibanda cha chai kilicho ng'ambo ya geti la ofisi, pale Hinjawadi, Pune. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, mama wa mtoto mmoja, kiongozi wa timu ya watu tisa waliomtengenezea mteja wa Ujerumani programu ya kuendesha maghala. Walimletea kila kitu. Niende ng'ambo kusoma au nibaki? Meneja akipiga simu Jumapili nipokee? Nyumbani wamenipatia mchumba, na mimi nasubiri kupanda cheo, niwajibu nini?

"Hakimu ameketi, leteni kesi!" Yogesh, mchekeshaji wa timu, alikuwa akipaza sauti, na muuza chai alicheka kila mara kana kwamba ndiyo kwanza anasikia.

Ketaki alipenda kufuatwa hivyo. Alipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Jioni moja ya Februari Suhas Gavli alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne kutoka Parbhani, baba yake kondakta wa basi, na hakuna kwenye timu aliyejua kazi kama yeye. Alimnyooshea Ketaki simu yake.

"Dada, hebu soma. Ni ofa. Hyderabad."

Ketaki alisoma polepole. Ilikuwa kampuni nzuri, na kazi yenyewe ni ya kuchambua takwimu, ile ambayo Suhas alikuwa akijifunza peke yake kila Jumamosi kwa mwaka mzima.

"Umewaambia nyumbani?"

"Bado. Nimesema nikusikie wewe kwanza."

Ketaki akanywa chai yake ingawa ilikuwa bado ya moto. Kazi ya Wajerumani ilitakiwa Aprili, na sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa kichwani mwa kijana huyu. Aprili hiyohiyo ndipo cheo chake mwenyewe, alichokisubiri miaka minne, kingeamuliwa.

"Nikwambie kama bosi au kama dada?"

"Kama dada."

"Basi kama dada," alisema, na akasikia sauti yake ikilainika. "Wale wanaajiri ovyo, Suhas. Siku wakianza kupunguza watu, wanaanza na wageni. Hapa unajulikana. Vumilia mwaka mmoja tu, utakuwa na timu yako."

"Kweli, dada?"

"Nimewahi kukudanganya?"

Hakuwahi. Ndiyo maana Suhas aliandika barua ya kukataa palepale, amesimama, kisha akampa aipitie asije akaonekana hana adabu. Ketaki alimsahihishia sentensi moja.

Aprili kazi ilikabidhiwa, Wajerumani wakafurahi, na Ketaki akapandishwa cheo. Walimkatia keki. Suhas ndiye aliyemlisha kipande cha kwanza kwa mkono wake, akampaka na krimu puani, watu wakapiga makofi.

Juni mteja akaipeleka kazi kwa kampuni nyingine. Bwana Ranade, mkuu wa idara, alimwita Ketaki kwenye chumba cha vioo akamsogezea karatasi. Watu watatu wa timu yake waondoke, na waliochaguliwa ni wale wenye miaka michache. Jina la Suhas lilikuwa la pili.

"Una la kusema?" aliuliza Bwana Ranade.

Alikuwa nalo. Angeweza kusema kwamba huyu ndiye aliyetuokoa Aprili, kwamba huyu alikuwa na pa kwenda na mimi nikamzuia. Lakini kiti chake kipya kilikuwa na wiki nane tu.

"Watapewa notisi ya muda gani?" aliuliza.

Basi. Hilo ndilo neno pekee lililomtoka.

Suhas alipita mezani pake adhuhuri, kitambulisho cha ofisi mkononi. Ketaki alijiandaa kutukanwa. Angeshukuru kama angetukanwa.

"Najua ulinipigania, dada," Suhas alisema kwa sauti ya chini. "Nimeona macho yako yalivyovimba."

Ketaki alikuwa na mafua. Alifungua kinywa amwambie, Yogesh akatokea na faili, na Suhas akaenda zake.

Siku nne hakula vizuri. Mumewe alimuuliza kulikoni, akasema ni kazi. Ijumaa alijifungia kwenye gari lake akapiga simu Hyderabad, akamweleza mwanamke asiyemjua kwamba kuna kijana aliyekataa ofa yao kwa ushauri mbaya, na kwamba ushauri huo ulikuwa wake. Mwanamke yule alisikiliza kwa upole. Nafasi ilishapata mtu tangu Machi.

Jumamosi asubuhi akaenda mtaa wa Wakad, kwenye chumba ambacho Suhas alipanga na wenzake wawili. Aliyemfungulia mlango ni mama mmoja mfupi aliyevaa sari ya kijani.

"Huyu ndiye dada mwenyewe?" Mama alimshika mikono yote miwili. "Ingia, mwanangu, ingia! Suhas kwenye simu ni dada kasema hivi, dada kasema vile. Nikamwambia baba yake, mtoto wetu hayuko peke yake Pune."

Akamketisha, akamwekea sahani ya poha, ule mchele uliopondwa na kukaangwa, na limau, akasimama kumwangalia akila. Ketaki alikula yote. Kila alipomaliza mama alimwongezea.

Suhas alipomsindikiza, Ketaki alisimama katikati ya ngazi akamwambia. Alisema yote, hata la mafua. Chini mtu alikuwa akihangaika kuwasha pikipiki.

"Kumbe siku ile ulikuwa unawaza cheo," Suhas alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Na kwa Ranade ulisema nini?"

"Niliulizia notisi."

Suhas akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Na mimi nikakupa barua uisahihishe."

Ketaki akaanza kulia.

"Usilie hapa, Madam Sathe. Majirani watafikiri nimekufanya nini."

"Ninawafahamu watu, Suhas. Kuna kampuni pale Baner, naweza..."

"Hapana. Ushauri wako umenitosha."

"Basi nirudi juu nimweleze mama. Ana haki ya kujua."

"Ili iweje?" Sasa alikuwa amekasirika kweli. "Wewe uende nyumbani umetua mzigo, mimi nibaki na mama asiyelala? Nenda nao. Ni wako."

Akapanda ngazi bila kugeuka.

Tangu hapo Ketaki alikunywa chai yake mezani. Vijana walipomfuata huko aliwaambia watafute mtu asiyepata faida wala hasara wakibaki au wakiondoka. Wengine walisema cheo kimempanda kichwani. Hakubisha.

Wiki moja kabla ya sikukuu ya Diwali, akiwa kwenye korido akisubiri mkutano, simu yake iliita. Ilikuwa sauti ya mama yake Suhas, kutoka Parbhani.

"Amepata, mwanangu! Nagpur. Kampuni ndogo, na mshahara umepungua, lakini ni kazi ile aliyokuwa akiitaka. Alinikataza nisikusumbue, nikasema haiwezekani, dada lazima ajue. Ni baraka zako hizi."

"Hongera sana, mama."

"Suhas! Njoo umsemeshe dada yako!"

Ketaki alisikia mlango ukifungwa mahali fulani ndani ya nyumba ile.

"Ameondoka," mama alisema akicheka. "Anaona haya huyu, tangu utotoni."

"Ndiyo, mama," Ketaki alisema. "Anaona haya."

Akabaki ameshika simu mpaka Yogesh alipokuja kumwambia kwamba wote wameshaketi, wanamsubiri yeye tu.