Kola Mbili za Karatasi Nene

Katika kile chumba cha ushonaji kulikuwa na sheria moja: karatasi iliyo juu ya meza ya kukatia ni ya kukatwa, na ya kutunzwa hutundikwa msumarini. Aliyeitunga ni Fundi mwenyewe, na aliyeifuata kuliko wote ni Bibi, mama mkwe wake. Kazi ya Bibi ilikuwa kukata karatasi za kupimia kola na mifuko. Macho yalikuwa yamefifia, lakini mkono haujasahau kitu.

Asubuhi hiyo alikwisha kukata kola mbili safi kutoka karatasi moja nene, ndipo akaona kwenye kipande kilichobaki nusu ya muhuri. Akaweka mkasi chini.

Karatasi ile ilikuwa barua, na aliijua. Fundi, na miaka yake arobaini, alikuwa anaomba nafasi katika chuo cha famasia. Miaka miwili alisoma kemia na biolojia huku akikanyaga cherehani, daftari limebanwa mbele yake kwa vibanio vya nguo. Mtihani alirudia, akafaulu. Kilichokuwa kimebaki ni barua hii ya kumpendekeza, aliyoandikiwa na mfamasia wa duka la jirani, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Taratibu kwa jinsi anavyoeleza dawa. Naye alikuwa amesafiri jana. Maombi yanafungwa leo saa kumi.

"Mwanangu," Bibi aliita, "njoo uone nilichokufanyia."

Fundi alikuja na pini mdomoni. Alitazama kola, akatazama vipande. Akazitoa pini moja moja na kuzichoma kwenye kimto. Bibi alitamani agombezwe yaishe.

"Mama, nani aliiacha mezani?"

"Mimi ndiye niliyekata."

"Sijauliza nani kakata. Niliiweka hapa nilipokuletea maji ya kumezea dawa. Sheria yangu, nimeivunja mwenyewe."

"Basi nigombeze kidogo tu, nipumue."

"Nitakugombeza saa kumi na moja. Sasa tuna kazi. Kuna kipande kimetupwa?"

"Mimi situpi kitu, unanijua."

Vilikuwa vipande saba, kola zikiwemo. Bibi alivishikilia juu ya kitambaa chepesi cheupe, ukingo kwa ukingo, na Fundi akavishona kwa sindano nyembamba kuliko zote, akikwepa kila herufi. Saa nane na nusu walikuwa njiani. Bibi alikataa kubaki nyumbani.

Karani wa chuo aliigeuza barua mbele na nyuma.

"Hii ni barua au shati?"

"Ni barua," alisema Bibi. "Ilibaki kidogo tu iwe shati. Mimi ndiye niliyeikata, yeye usimwonee."

Karani alisoma kimyakimya, kisha akainua uso. "Humu imeandikwa kuna mama mkwe aliyechanganya vidonge vyeupe viwili akaanguka, na mwombaji akamshonea kifuko cha dawa."

Bibi alikitoa kifuko hicho mfukoni mwake na kukiweka mezani. Upande wa dawa za asubuhi ulikuwa na kifungo kimoja, wa jioni viwili. "Nasoma kwa kidole," alisema.

Karani alifumba macho, akapapasa vifungo. "Mama yangu naye anachanganya," alisema polepole. "Lakini muhuri umekatika. Lazima nimpigie mfamasia athibitishe."

Akapiga. Bwana Taratibu akaanza kueleza. Alieleza alivyomfahamu Fundi, akaeleza muhuri ulivyo, akarudi mwanzo kuhakikisha ameeleweka. Karani aliitikia, "Ndiyo, mzee. Nimeelewa, mzee." Ukutani saa ilikaribia kumi kasoro tano. Fundi aliushika mkono wa Bibi chini ya meza, na Bibi hakujua ni nani aliyekuwa anamtuliza mwenzake.

Mwishowe karani aliweka simu chini, akagonga muhuri wa kupokea maombi, akawapa stakabadhi. "Mtaitwa kwenye usaili," alisema. "Na hicho kifuko, mama, mje nacho."

Njiani Bibi alisimama. "Saa kumi na moja imefika. Nigombeze."

Fundi alifikiri kidogo. "Kola zenyewe, Mama, zilikuwa zimekaa sawa kabisa."

Walipofika nyumbani, Bibi aliitundika stakabadhi msumarini kwa mkono wake. Kabla ya kuketi alirudi mara mbili kuigusa, aone kama bado ipo.