Taratibu Anaomba Maji

Mpishi wa maabara alishuka na lifti ya mgodi asubuhi, chupa za chai mkononi, mfuko wa mikate kwapani. Mgodi ulikwisha madini zamani. Siku hizi wanasayansi wamepanga huko chini wakitafuta maada ya giza, kitu kizito kisichoonekana wala kushikika. Juu ya ardhi miale ya kosmiki hugonga hewa na kumwaga fotoni, chembe za mwanga, zenye nguvu bila kupumzika, vurugu tupu. Chini ya mwamba kuna utulivu, na chombo chao kinaweza kungoja.

Asubuhi hiyo hakuna aliyeikimbilia chai. Chombo kilikuwa kinapokea fotoni zenye nguvu nyingi, na hazikutoka angani. Zilitoka kwenye njia iliyozibwa kwa zege baada ya mwamba kuporomoka.

"Mbili za haraka, halafu moja ndefu," alisema mkuu wa maabara, mama wa makamo mwenye miwani. "Zinajirudia."

Mpishi akaweka chupa chini. "Huyo ni mume wangu. Anaomba maji ya kuoga."

Mumewe, mchimbaji, aliitwa Taratibu, maana hata harusini kwake alichelewa. Kila jioni akifika kwenye kona alimulika hivyo hivyo kwa taa ya kofia, mkewe akabandika sufuria. Siku ya maporomoko kampuni ya mgodi ilisema hakuingia zamu, ametoroka na mwanamke. Majirani waliyapokea maneno hayo kwa mikono miwili, watu bwana. Mke na mama mkwe walibaki nyumba moja, kila mmoja akijiuliza alimkosea nini.

Mkuu wa maabara akajimiminia chai. "Basi si maada ya giza," alisema, amevunjika moyo kidogo. "Pole, mama."

"Asante. Sukari hiyo hapo."

Jioni mpishi alimkuta mama mkwe nyumbani akikunja nguo.

"Hakutoroka, mama. Yuko kazini."

Bibi alikaa kitako, akalia, kisha akacheka. "Nami nilisema, huyu mtoto ana mbio gani za kutorokea?"

Mke alishusha pumzi aliyoibana miaka yote. Usiku ule walilala usingizi wa pono.

Mkuu wa maabara alikwenda kwa meneja wa kampuni. Meneja alikubali kwamba taa ni mali ya kampuni. Zege, hata hivyo, lisingevunjwa, kwa kuwa mtu ambaye hakuingia hawezi kutolewa. Aliomba tu, ikiwezekana, Taratibu aizime. Wanasayansi walijifunza kumtoa kwenye hesabu zao, wakaendelea kutafuta.

Mke naye alianza kushuka na ndoo ya maji moto pamoja na chai. Aliiweka mbele ya zege, kipande cha sabuni pembeni, akaenda kugawa mikate. Siku ya kwanza alipoirudia, ndoo ilikuwa tupu na sabuni imelowa. Alilikagua zege lote kwa kiganja. Halikuwa na hata ufa.