Kuku wa Suruali Moja

Tangu amzike mkewe miezi mitatu iliyopita, fundi alikuwa na ganzi mwili mzima. Cherehani ilikaa imefunikwa kitambaa, na wateja walipiga hodi mpaka wakachoka. Sasa bintiye anakuja kula mchana, na alishasema bila kupepesa macho: akimkuta baba bado anaishi kwa chai na mkate, nyumba inafungwa, baba anahamia kwa binti. Fundi hakujua kama anajali. Ila kuku alimnunua.

Alimpima, kilo moja na nusu. Karatasi ya dukani ilidai dakika arobaini kwa kila kilo, na ishirini za juu. Akapiga hesabu kwa chaki kwenye meza ya kukatia: dakika themanini. Hesabu tamu, lakini oveni yao ilikuwa na vituko vyake, na namba za swichi zilifutika zamani. Akampigia simu mdogo wa marehemu.

"Shemeji, dada yako alikuwa anamwacha kuku ndani dakika ngapi?"

"Dakika? Dada alikuwa na saa gani jikoni? Alikuwa anasikiliza cherehani yako. Kuku mmoja, suruali moja. Ukisema tayari tu, anazima."

Fundi akakata simu. Kwa miaka ishirini na sita, kila akimaliza nguo alipaza sauti, "Tayari!" na mkewe akamjibu kutoka jikoni, "Na huku tayari!" Yeye alidhani anataniwa.

Akamtia kuku ndani, akafunua cherehani, akachukua suruali ya mteja aliyekwisha kukata tamaa. Vidole vilikuwa vizito, na zipu aliifumua mara mbili. Hakuhisi kitu, alishona tu. Alipokata uzi wa mwisho, neno likamtoka lenyewe.

"Tayari!"

Jikoni kimya. Akasubiri, mtu mzima na akili zake, kisha akanyanyuka kwenda kuzima mwenyewe.

Bintiye alitafuna kwa muda mrefu.

"Baba, kuku amekauka."

"Zipu ndiyo imenichelewesha. Jumapili ijayo nitashona upesi."

Binti alimtazama, akaitazama cherehani iliyo wazi na suruali iliyokunjwa juu yake. Hakuelewa zipu imeingiaje kwenye kuku. Lakini alisikia Jumapili ijayo, na lile la kuhama hakulitaja tena.