Mabinti wa Darini

Jumanne saa moja ya asubuhi Ngalula alimaliza kusuka nywele za mabinti wake mapacha, akawavalisha nguo za Misa, kisha akawaketisha juu ya meza na kuwasugua nyayo kwa sabuni na jiwe. Nyayo ndizo zilizokuwa na maana. Udongo wa Elisabethville ni mwekundu, na watu huvumilia mengi, lakini hawapendi kuona alama za miguu kwenye dari nyeupe.

Mbuyi na Kabanga walikuwa na miaka sita. Wakikalishwa kimya mahali penye watu, miguu iliwawasha, wakaanza kukimbia. Sakafu ikijaa, walipanda ukuta na kuendelea na mbio zao darini, vichwa chini, nguo zikiwa zimebanwa magotini kwa lastiki ambayo mama yao aliishona kwa ajili hiyo. Kanisani walikimbizana juu ya altare wakati wa mahubiri. Padri alingoja wapite, kisha akaendelea na habari za unyenyekevu. Kwa Nasoro, fundi wa nguo aliyetoka Maniema, waliangusha kopo la vifungo kutoka juu ya kabati. Nasoro aliviokota kimoja kimoja, akasema kwao zamani watoto wa kike walitembea chini.

Ushauri haukukosekana. Mama Nkandu, jirani wa mlango wa pili, hakuwa na mtoto hata mmoja, kwa hiyo alikuwa na nafasi ya kujua yote kuhusu malezi. Alisema ni sukari. Wengine wakasema mapacha hao watiliwe mawe mifukoni. Ngalula akawatilia. Mawe yakamwangukia katekista, na watu walewale wakauliza ni mama gani huyu anayewapa watoto mawe.

Siku hiyo walikuwa wanakwenda biro ya karatasi, ofisi ya kuandikisha watu. Nchi ya Katanga, na Elisabethville mji wake mkuu, ilikuwa na mwaka mmoja tangu ijitenge. Ilikwisha kupata bendera, noti na stempu, ikabaki tu kuamua watu wake ni nani. Kila Jumamosi lori lilipita mtaani kuwachukua watu wenye asili ya Kasai, jimbo jirani, na kuwapeleka kwenye mahema nje ya mji, na asiyetaka kupanda alipaswa kuonyesha karatasi kwamba ni mwenyeji. Clovis Kunda, mume wa Ngalula, fundi wa reli, alikuwa Mulamba, mtu wa kabila la hapa hapa. Ngalula naye alizaliwa hapa hapa, katika wodi ileile alimozaliwa Clovis, lakini baba yake alitoka Kasai, na wodi haikuweza kurekebisha jambo hilo. Walitaka karatasi moja yenye majina manne. Hawakutaka kingine.

Mstari ulikuwa mrefu. Mapacha walikaa kwenye benchi wakiwa wameshikana mikono, na kwa nusu saa walikuwa watoto wa kupigwa picha. Halafu Kabanga akaweka mguu mmoja ukutani.

"Kabanga," mama yake akasema.

"Ni mguu moya tu, mama."

Muda si mrefu wote wawili walikuwa juu, wanazunguka feni, wanaruka mbao za dari na kuhesabu kwa sauti. Vumbi la chokaa likashuka taratibu kwenye kikombe cha karani. Karani aliitwa Edouard, kijana nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alifunika kikombe kwa sahani yake.

"Angalia batoto ya leo," mzee mmoja akasema mstarini.

"Si batoto. Ni mama," akajibu mwanamke aliyekuwa nyuma yake. "Mama analegea, batoto banapanda."

"Wangu angejaribu, ningemushusha na ufagio."

"Ufagio unafika wapi? Ile plafon iko mbali."

Kila mtu mstarini alikuwa na dawa yake. Kuhusu lori la Jumamosi hakuna aliyekuwa na la kusema.

Zamu yao ilipofika, karani alitazama juu, kisha akamtazama Ngalula kama mwalimu anavyotazama daftari lenye madoa.

"Mama, hapa tunaandikaka bantu. Shusha batoto."

"Mbuyi, Kabanga," Ngalula akasema bila kuinua sauti. "Papa huyu anataka kuandika majina yenu na wino."

Walishuka mara moja. Walisimama mbele ya meza, visigino pamoja, mikono nyuma. Karani alifurahi, akaandika majina yao kwa mwandiko mzuri. Halafu akafika kwenye mstari wa karatasi uliouliza kwao ni wapi.

"Papa Clovis, kwenu kwa Balamba, mutoto anakuwaka wa nani?"

Clovis alifundishwa shuleni kwamba mtu mwenye wino haambiwi uongo.

"Kwetu? Mutoto ni wa upande ya mama yake. Mujomba yake njo mwenye kumukamata kama mutoto yake."

"Basi aba batoto ni ba Kasai."

"Hapana, papa," Ngalula akasema haraka. "Kwetu Kasai mutoto ni wa baba. Uliza hata mama yangu."

"Mama yako iko wapi?"

"Kwenye mahema."

"Basi sitaweza kumuuliza."

Clovis aliona amechelewa kuyarudisha maneno yake. Hakuna aliyekuwa amesema uongo. Edouard naye hakuwa mtu mbaya. Angeweza kuchagua desturi moja na kuidharau nyingine, lakini nchi mpya ilitaka desturi zote ziheshimiwe, akaziheshimu. Kwa desturi ya baba, watoto hawakuwa wa Katanga. Kwa desturi ya mama, hawakuwa wa Kasai. Alipiga hesabu hiyo mara mbili, kwa sababu walikuwa mapacha, ikatoka vilevile.

"Mustari hauwezi kubakia wazi," akasema. "Banashindaka wapi?"

"Mu plafon!" mstari wote ukajibu, vidole vikionyesha dari. Ilikuwa mara ya kwanza watu wale kumsaidia Ngalula kwa jambo lolote.

Edouard akaandika: *Kwao: plafon*. Akapiga muhuri kwa Mbuyi, akapiga mwingine kwa Kabanga wenye wino uleule, ili pacha asimwonee pacha wivu. Clovis alipata wake bila swali.

"Na miye?" Ngalula akauliza.

"Weye, mama, uko na bahati. Kwenu kunajulikana."

Jumamosi lori lilifika saa nne. Ngalula alipanda na sufuria moja na godoro lililokunjwa. Mapacha walikuwa wamemfuata mpaka hapo wakitembea chini, kila mmoja ameshika ncha ya kitenge chake. Askari wa lori alisoma karatasi yao toka mwanzo hadi mwisho. Kisha akatazama lori. Lilikuwa wazi, halina paa wala turubai.

"Aba kwabo ni plafon," akamwambia Clovis kwa upole. "Huku sina plafon ya kubapatia. Na kule kwenye mahema hakuna."

"Banaweza kukaa chini," Ngalula akasema. "Angalia. Banakaa chini."

Mapacha walikaa chini, pale pale barabarani, miguu imenyooshwa mbele, ili askari aone.

"Ninaona, mama. Lakini haikuandikwa."

Alimrudishia Clovis karatasi, akaifunga bodi ya nyuma ya lori. Ngalula aliwaambia mabinti wamsikilize baba yao. Lori likaondoka.

Jumapili baada ya Misa Mama Nkandu alipita na sahani ya bukari, ule ugali wa huko, na mboga. Mapacha walikuwa darini, kwenye pembe iliyo juu ya kitanda cha mama yao. Walikuwa wameketi, magoti pamoja, mikono mapajani. Walikuwa hivyo tangu jana. Hakuna vumbi lililoanguka. Mama Nkandu aliwatazama kwa muda, kichwa nyuma, akaridhika.

"Unaona, Papa Clovis? Siku moya tu, na banaisha kupata adabu. Nilisemaka miye. Tatizo ilikuwa mama."

Clovis alimshukuru kwa mboga.

Jirani alipokwenda, Clovis alifunga mlango, akapanda juu ya kitanda kwa viatu, akanyoosha shingo mpaka uso wake ukakaribia nyuso zao.

"Kimbieni kidogo," akawaomba. "Kidogo tu. Mpaka kwa dirisha na kurudi."

Wakatazamana. Wakakataa, kwa adabu.