Nakala ya Pili ya Isumba

Mwamvua alikuwa akipepeta mtama uani kwake, kule Busi, mwanamke mmoja alipobisha hodi na kusema mto wao umekauka.

"Mto upi, mwenzangu?"

"Wa Isumba."

Mwamvua aliweka ungo chini, akaingia ndani kutazama. Isumba ilikuwa nchi aliyoitunga mumewe, Athuman, kwa ajili ya hadithi ndefu aliyokusudia kuiandika. Kabla ya kuianza alitaka kwanza aijue nchi yenyewe: milima yake, koo zake, majina ya watu, wanavyooana na wanavyozikana. Karatasi zilijaa kasha. Na kweli, mchwa walikuwa wameingia pembeni, wakaula mto kuanzia chemchemi hadi kivukoni.

Athuman aliuandika upya kwa kukumbuka. Kesho yake yule mwanamke, jina lake Sikudhani, alirudi kushukuru, ila akasema maji sasa yanapita katikati ya makaburi.

"Ndiyo hasara ya kuweka kila kitu mahali pamoja," Mwamvua alimwambia mumewe. "Tunakili zote."

Athuman akasoma, Mwamvua akaandika kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa na baba yake. Alitenga ardhi peke yake, desturi peke yake, watu peke yao, kila fungu akalifunga kwa ukambaa wake. Palipokuwa na mtu aliyeandikwa mara mbili, alimuuliza Sikudhani yupi ndiye. Nakala aliitia chunguni, akaziba mdomo kwa nta, akakipeleka chungu kwa dada yake ng'ambo ya kilima.

Vita vya Wazungu vilipoanza, boma likataka wapagazi. Jumbe Shaaban alikuja na askari, wakamchukua Athuman na wanaume wengine wa Busi. Hawakutosha. Jumbe, ambaye alikwisha kunywa togwa na watu wa Isumba uani hapo hapo, akasema wapo wengine. Askari wakafungua kasha, wakatoa karatasi za watu. Wanaume wa Isumba wakatoka mmoja mmoja, wakiinama mlangoni, wakafungwa kamba moja na Athuman, wakapelekwa Dodoma kupanda treni. Karatasini yalibaki majina ya wanawake na watoto. Mahali pa wanaume palikuwa peupe.

Sikudhani alikuja alasiri.

"Dada, ile nakala ipo?"

"Ipo."

"Basi turudishie."

Mwamvua alikwenda kukichukua chungu. Kabla ya kufungua ukambaa aliandika upya majina yote kwa kukumbuka, akayafunga pembeni, kisha akafungua fungu la chunguni. Wanaume wakatoka, wakaenda kulima. Mtama haujachanua, Jumbe akarudi.

"Nasikia wamerudi," alisema, bila ukali wowote.

Wakachukuliwa. Mwamvua akanakili, wakarudi, wakachukuliwa tena. Boma halikukosa watu wa Isumba, na vijiji vingine navyo havikuachwa.

Kisha mtu mmoja akaja kutoka Dodoma na habari za Athuman. Aliharisha damu njiani, hakuiona hata treni. Walimzika kando ya njia, mzigo wake akapewa mwingine.

Mwamvua alikaa eda. Sikudhani alikuwa akimsagia unga na kumtekea maji. Siku moja alimwambia:

"Na wako mwandike, dada. Unamjua kuliko karatasi yoyote."

Mwamvua alichukua kalamu, akaichovya. Alikijua kikohozi chake cha asubuhi, na alivyovaa kofia kisogoni, na jinsi alivyokuwa akicheka kabla hajamaliza kusema. Kalamu ilikaa juu ya karatasi mpaka wino ukakauka nchani.

"Nikimwandika atarudi," alisema. "Akirudi, watamfuata."

Sikudhani hakubisha. Alisawazisha unga kwa kiganja.

"Wangu niandikie. Hata kama ni kwa palizi tu."

Mwamvua akachovya tena, akaandika. Mwanamume akatoka, akamwamkia Mwamvua, akampa pole ya msiba, akamuuliza mkewe jembe liko wapi. Wakaondoka pamoja. Mvua zilikuwa zimeshika, na Jumbe hakuonekana mpaka palizi ya pili.