Mkasi wa Duka la Bei Moja

Kwa maelezo ya Angella, nyundo ilikuwa inapiga msumari wa tatu, wala si wa kwanza, kichwa chake kilipoamua kwenda zake. Kiliruka ua wa matete, kikavuka njia, kikapita juu ya bata wawili waliokuwa wametulia na mambo yao, kikatua ndani ya sufuria ya maharagwe ya watu wasiohusika.

"Ndani ya maharagwe, Teo! Na yanachemka!"

Mume wa Angella alibaki na mpini mkononi, akiutazama kama mtu aliyekatiwa mazungumzo katikati. Hivyo ndivyo Angella alivyosema, na kwa kuwa asubuhi hiyo alikuwa amekwisha kuisimulia habari hiyo nyumba tatu za mtaa wa Nyakuron, ile sufuria ilizidi kuwa mbali kila alipofika nyumba nyingine.

"Na alinunua wapi?" Teopista, jirani yake, aliuliza.

"Si kule New Site, kwa duka jipya la bei moja. Jembe, koleo, msumeno, kila kitu bei moja. Hiyo si vyombo, nyabo, hiyo ni midoli. Banange, itaua mtu."

Teopista alikuwa amechuchumaa mbele ya bati jipya lililolala chini bila mstari hata mmoja wa kukatia. Alikuwa msichana wa kusikiliza mtu mpaka amalize, akikutazama mdomoni, kisha aulize la kwake.

"Makasi ya bati iko?"

Angella alishika kiuno. "Mimi nakuambia nyundo inaruka, wewe unaniuliza makasi!"

Lakini Teopista alikuwa amesimama tayari, anafuta mikono kwenye kanga na kutia tupa na nyundo mfukoni mwa gauni.

Jana yake alikuja Gerishon, Mkenya mtunza stoo wa shule ya bweni iliyo upande wa pili wa barabara. Alikuwa anamtafuta Mzee Kizza, mjomba wake Teopista, fundi wa masanduku ya bati. Teopista alimwambia mzee amerudi Masaka, Uganda, kwa ajili ya macho, na harudi tena. Kisha, kabla woga haujamfikia, akaongeza: "Fundi ni mimi."

Gerishon alicheka, ila si kwa ubaya. Alisema shule inataka masanduku arobaini ya wanafunzi. "Maneno sitaki, dada. Nitengenezee moja. Kesho kutwa saa sita nikilipenda, yote ni yako. Nisipolipenda, kuna mafundi wengine mjini."

Miaka sita Teopista alikuwa amekunja, amepiga ribiti, amefunga bawaba. Mwaka wa mwisho, macho ya mzee yalipofifia, na kukata alikuwa anakata yeye. Bati alikuwa nalo. Nyundo, tupa na ekseli ya lori ya kugongea bati juu yake mzee alimwachia. Mkasi tu ndio aliondoka nao, umefungwa ndani ya shati, kwa sababu hata katika upofu hakuweza kufikiri kulala mbali nao. Mkasi wa aina ile, kwenye maduka makubwa ya mjini, Teopista asingeugusa hata kwa kazi ya miezi miwili. Alichokuwa nacho kilitosha mkasi mmoja wa bei moja. Mmoja tu.

Duka lenyewe lilikuwa kontena lililofunguliwa ubavu, na mbele yake mabeseni ya plastiki yamejaa vyombo kama samaki sokoni. Mwenye duka, Majak, kijana mrefu aliyekulia Nakuru akarudi na Kiswahili cha huko, alikuwa anapaza sauti juu ya muziki wake mwenyewe.

"Ingia sista! Bei ni moja, hakuna kuulizana!"

Juu ya kichwa chake palikuwa na kibao: KIKITOKA HAKIRUDI.

Mikasi ya bati ilikuwa kwenye boksi, mipini myekundu, imelala mmoja juu ya mwingine. Teopista aliketi chini kabisa, akatoa uzi na msumari mfukoni, akafunga mkasi wa kwanza kwenye uzi, akauning'iniza na kuugonga.

"We!" Majak alisema. "Hapa si hosi. Unampima nani presha?"

"Niko nasikiliza."

"Inakwambia nini?"

"Bado."

Hivyo ndivyo mzee alivyonunua vyombo: anavining'iniza, anavigonga, na chuma chema kinaimba. Mkasi wa kwanza haukuimba. Ulitoa sauti ya mtu anayeguna usingizini. Akauweka kushoto. Wa pili ukaguna. Wa tatu ukalia *ting*, sauti nyembamba iliyokaa hewani, na Teopista akatabasamu peke yake, akauweka kulia.

Watu hawapiti wakaacha jambo kama hilo. Mmoja alisimama, wakawa wanne, wakawa kumi. Kila mkasi ulipolia walishangilia, ulipoguna walizomea. Mwanamke mkubwa mwenye debe tupu la mafuta kichwani alisukuma watu akafika mbele. Alikuwa Nyakim wa Mangateen, anayekata madebe matupu na kuyafanya kanun, yale majiko ya makaa, na miaka ya kambi ya wakimbizi Uganda ilimpa Kiswahili chake.

"Biniya, na mimi nataka makasi. Nichagulie."

Teopista alimpa uliolia kuliko yote. Alimpa kwa mikono miwili, na alijisikia mrefu. Nyakim alilipa, akateremsha debe, akatia mkasi ukingoni na kubana.

Debe halikukatika. Lilikunjika, likaingia katikati ya meno ya mkasi kama kitambaa, likakwama humo.

"Malu? Kuna nini?" Nyakim alisema. Akajaribu tena. "Hii inatafuna! Nimenunua ng'ombe?"

Kicheko kilipasuka pande zote. Majak alinyoosha kidole juu kwenye kibao chake.

"Lakini ni yeye alichagua," Nyakim alisema, na sasa hakuwa anacheka. Alimtazama Teopista. "Umesema hii iko mzuri. Mimi sina pesa ingine."

Masikio ya Teopista yaliwaka moto. Mtu mwingine angeondoka, na njia ya kuondoka ilikuwepo. Yeye alinyoosha mkono. "Nipe niangalie."

Aliufungua, akaufunga. Akaufungua, akaufunga. Akauinua usoni, na katikati ya yale mabapa mawili akaona jua, upana wa kucha. Akautikisa. Ndipo alipoelewa, na aliona aibu na furaha kwa pamoja, asijue ipi imetangulia. Ribiti, ule msumari unaoshikanisha mabapa, ilikuwa imelegea. Kila bapa lilikuwa huru, ndiyo maana lilikuwa linaimba! Mzee aligonga tindo na nyundo, vitu vya kipande kimoja. Mkasi hakuwahi kununua mbele yake hata siku moja. Wa kwake ulimzidi Teopista umri. Kanuni ilikuwa ya kweli, ila yeye ameipeleka isikohusika.

"Basi nzuri ni hizi bubu!" alisema mtu, akachupia lundo la kushoto.

"Ngoja!" Teopista alisema, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuijua.

Akatoa tupa. Aliuchukua mkasi bubu, akaisugua tupa mara moja kwa ndani, kwenye shingo ya mpini, pasipoonekana. Tupa iliuma chuma kama sabuni.

"Sista, unaniharibia mali!"

"Hapa hakuna mtu ataona. Wewe angalia." Akachukua bubu mwingine: sabuni. Wa tatu: sabuni. Kisha ule wa Nyakim, unaotafuna. Tupa iliteleza. Akakaza mkono, ikateleza tena, ikilalamika, bila kuacha alama.

Watu walikuwa wamesogea karibu sasa. Aliusugua kila mkasi wa kulia na kila mkasi wa kushoto, jua likimpiga kisogoni, na ilidhihirika kwamba katika boksi zima hakuna hata mmoja uliokuwa na vyote viwili. Uliobanwa vizuri ulikuwa wa chuma laini. Wa chuma kigumu ulikuwa umefungwa na mtu mwenye haraka zake.

"Kwa hiyo yote ni takataka," Majak alisema, na uso wake ulisinyaa. Kwa mara ya kwanza alionekana kijana mdogo.

"Hapana." Teopista alikuwa anahema kama aliyekimbia. "Chuma laini mimi siwezi kufanya kigumu. Lakini ribiti naweza kukaza. Mama, nipe ruhusa nigonge makasi yako."

"Ikivunjika?"

Teopista aliitoa pesa yake, ile ya mkasi mmoja, akaiweka juu ya debe la Nyakim. "Ikivunjika, chukua hii."

Mtu nyuma alipiga mbinja. Nyakim aliitazama ile pesa, akamtazama msichana, akaiweka chini akaikalia. "Gonga."

Kizingiti cha kontena kilikuwa chuma kinene. Teopista alikilaza kichwa cha ribiti juu yake, akatoa nyundo yake mwenyewe mfukoni, akapiga mara moja. Akapiga ya pili. Ya tatu ilizidi nguvu. Aliisikia mkononi kabla hajaona: mkasi ulikuwa umekaza kabisa, haufunguki, umefumba kama mdomo wa mtoto asiyetaka dawa.

"Kalas," alisema mtu. "Imekufa."

Pesa ilikuwa chini ya Nyakim. Sanduku, shule, masanduku arobaini, vyote vilikuwa chini ya Nyakim. Teopista aliugeuza mkasi, akatafuta kwa kidole upande wa nyuma wa ribiti, akaugonga hapo kidogo sana, kama anayebisha hodi kwa wakwe. Akagonga tena.

"Mama, kuna mafuta imebaki kwa debe?"

Nyakim alichovya kidole ndani ya debe, chini kabisa, akadondosha tone moja. Teopista aliitanua mipini. Ikagoma. Akaitanua tena, na mkasi ukafunguka taratibu, mzito, laini, kama mlango wa nyumba iliyojengwa vizuri. Akauinua kwenye jua. Mwanga katikati ya mabapa ulikuwa unywele mmoja.

"Kata," alisema, akampa mwenyewe.

Nyakim alikata. Debe lilifunguka kwa mstari mmoja kutoka ukingoni mpaka chini, na utepe ukajikunja pembeni kama ganda la chungwa. Hakusimama. Akakata tena, bila sababu, kwa raha tu, na kelele zilizopanda pale zilimtoa jirani wa duka nje na sabuni usoni.

"Wallahi! Inaenda yenyewe!" Nyakim alisema.

"Wacha!" Majak alikuwa ameshika kichwa. "Wacha, wacha, wacha! Sista, kaa hapo hapo. Nikuletee soda. Nikuletee kiti!"

Teopista alirudishiwa pesa yake ikiwa na joto. Alichagua mkasi mgumu kuliko yote, ule ambao tupa iliteleza juu yake kama kioo, akaulipia, akaukaza pale pale kwa mapigo mawili na nusu. Soda aliinywa huku anatembea.

Alikata mchana ule mpaka jua lilipomkatalia, na asubuhi akaanza kabla Angella hajapata habari mpya. Bati lilikuwa linatii. Pembe zilikutana bila kulazimishwa, mfuniko ulikaa juu ya sanduku ukatoa pumzi kidogo, *hff*, kama ilivyotakiwa. Kila alipofikia mwisho wa mstari alikuwa anasikitika kwamba umekwisha.

Gerishon alifika saa sita kasoro. Hakusalimu sana. Alilizunguka sanduku, akalifungua, akalifunga, akasikia ile pumzi, akalifungua tena ili aisikie mara ya pili. Akapitisha kidole ukingoni mwote, polepole, akakitazama kama kina damu. Hakikuwa na damu. Kisha, akiwa mtu mzito, akaketi juu yake kwa uzito wake wote, na sanduku likamnyamazia, bila hata kubonyea.

"Fundi," alisema.

Hakuwahi kumwita hivyo. Teopista aliinamisha uso ili meno yasionekane yote.

"Arobaini, fundi. Leo hii nikiandika karatasi, mwalimu mkuu anatia sahihi." Alitazama chini, kwenye ule mpini mwekundu. "Hii makasi ni ya wapi?"

"New Site. Duka ya bei moja."

Gerishon alifumba macho. Alisimama, akatazama nyuma yake kuelekea lango la shule, ambako mwanamume mmoja mwenye tai alikuwa ameanza kuvuka barabara kuja kwao, akiruka dimbwi.

"Sikiliza. Muhula uliopita nilinunua kufuli pale, zikafunguka kwa kijiko. Kijiko! Mwalimu mkuu hajanisamehe mpaka leo. Kitu cha duka lile hataki kukiona ndani ya lango." Aliinama, sauti ikashuka. "Kazi ni nzuri, mimi nimeiona. Lakini atakuuliza, huyo anayekuja lazima aulize. Nakuomba, fundi. Mwambie hii makasi ni ya mjomba wako. Sawa?"

Mwanamume mwenye tai alikuwa amevuka. Alikuwa anafuta kiatu kwenye majani, na tayari anatazama sanduku.

"Sawa, fundi?"

"Aone kwanza. Akiuliza, nitamwambia ni ya New Site." Teopista alivuta bati la pili, akalilaza chini. Akachora mstari kwa msumari, mrefu, ulionyooka. Akauchukua mkasi, akauweka mwanzoni mwa mstari, na bati likaanza kufunguka.