Tarakimu Sita

Msichana wa darasa la sita alikuwa amelala kwenye benchi, magoti kayakunja mpaka kifuani. Wenzake walimwita Chiriku kwa sababu ya domo lake. Leo hakuwa na la kusema. Chini ya benchi palikuwa na kopo la rangi alilokwisha kutapikia mara mbili.

Nesi alimbonyeza tumbo upande wa kulia, chini, polepole, kisha akaachia ghafla. Mtoto akauma kola ya sare.

Kidole tumbo. Kwa miaka kumi na tisa katika shule hii Nesi alikuwa amekiona mara nne, na mara zote mtoto alifika kwenye kisu akiwa hai. Lakini hiyo ilikuwa kabla ya skrini. Skrini ilipoletwa, kabati la dawa liliondolewa, kitanda kikapelekwa stoo, na barua mpya ya kazi ikasema yeye sasa ni Msimamizi wa Kifaa. Kazi yake ni kukiwasha, kukifuta vumbi na kumkalisha mgonjwa mbele yake. Daktari atapima kutoka huko aliko.

Akabonyeza jina la mtoto kwenye skrini.

"Karibu," sauti ya mwanamke ikasema kwa uchangamfu. "Daktari yuko tayari. Tumetuma namba ya ridhaa kwenye simu ya mzazi. Iingize ndani ya dakika kumi."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Mzazi ni mama peke yake, na mama alikuwa kiwandani akishona mifuko ya suruali. Kule simu zote hukaa kwenye ndoo ya mlinzi getini, tangu kengele ya kuingia hadi ya kutoka.

Nesi akapiga ofisi ya kiwanda.

"Dada," karani akasema, "humu ndani nina akina mama mia nne. Kila mmoja ana mtoto, na kila mtoto ana tumbo."

"Huyu ana kidole tumbo."

"Wewe ni daktari?"

"Mimi ni nesi."

"Basi daktari apige mwenyewe."

Akaenda kwa Mwalimu Mkuu kuomba gari.

"Bila karatasi ya rufaa ya daktari?" Mwalimu Mkuu hakuinua macho kutoka kwenye ratiba. "Hospitali itamrudisha. Mwaka jana ulimtoa mtoto hapa kwa kichwa chako, kumbe ni kuhara tu. Barua yako ya onyo ninayo kwenye faili."

"Huyu si wa kuhara."

"Mama, ukitaka kumwaga unga wako, mwaga. Wangu uache."

Akarudi. Akaomba namba tena. Dakika kumi zikapita. Akaomba tena. Kati ya namba moja na nyingine alimpangusa mtoto jasho na kulibadilisha lile kopo.

Saa nane Chiriku akanyoosha miguu.

"Nesi, limeacha kuuma."

"Limeacha vipi?"

"Limeacha tu. Kama mtu kazima taa."

Mwalimu Mkuu alichungulia mlangoni, akamwona mtoto kakaa. "Si unaona? Haraka haraka haina baraka."

Nesi aliona. Jipu linalouma tangu asubuhi halipoi kwa dakika moja, linapasuka. Na hili lilikuwa limepasukia ndani. Chiriku akaanza maneno yake: jinsi mwalimu wa hesabu anavyokohoa kabla ya kuchapa, jinsi kiatu chake yeye mwenyewe cha kushoto kilivyokuwa kikubwa kuliko cha kulia. Paji la uso lilikuwa la moto.

Nesi akambeba mgongoni hadi kwenye geti la shule.

"Karatasi," mlinzi akasema.

"Atakufa huyu."

Mlinzi akatazama juu ya nguzo. "Ningekuwa na uwezo, ningefungua. Ile kamera inaniona kuliko mke wangu."

Mama yake Chiriku alifika saa kumi na moja akikimbia, nyuzi zimemganda kwenye kitambaa cha kichwa. Aliposikia sauti ya mwanawe akaegemea ukuta, akashusha pumzi.

"Nimezikuta zote, Nesi. Namba saba."

Skrini ilikuwa imeshaandika kwamba daktari hupatikana hadi saa kumi.

"Mbebe," Nesi akasema. "Hospitali. Sasa hivi. Kidole tumbo kimepasukia ndani."

"Lakini anaongea."

"Mbebe, mwenzangu."

Mama akamfunga mgongoni kwa kanga. Mlinzi akafungua geti, maana mzazi haulizwi karatasi. Nesi akafuata nyuma na mkoba wa madaftari.

"Hospitali watadai namba ya rufaa?" mama akauliza.

"Watadai."

"Basi ninayo. Ila simu inazimika, hii chaji haifiki. Mwanangu, tuishike kichwani. Nne, sifuri, saba."

Nesi akafungua mdomo kumwambia kwamba ile ilikuwa ya ridhaa, si ya rufaa, tena ilikufa kabla ya saa tisa. Akaufunga.

"Nne, sifuri, saba," Chiriku akaitikia kwa sauti ya darasani. "Moja, moja, tisa."

"Tena."

Wakapita duka la vipuri, wakapita foleni ya maji. Nne, sifuri, saba. Kiatu cha kushoto kikadondoka. Nesi akainama kukiokota, na alipoinuka, mbele yake ilikuwa ikihesabu sauti moja tu, ya mama.

"Moja, moja, tisa," mama akasema. "Tena, mwanangu. Tusiisahau."